Orodha ya poti bado si kipimo: kupima huduma za mtandao katika ofisi ndogo

Swali. Shikamoo mwalimu. Ninasimamia TEHAMA kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, Chumbageni, na tuna tawi dogo Horohoro, mpakani. Tuna ruta ya MikroTik, seva ya Windows ya mafaili, seva ya Ubuntu yenye programu ya kufuatilia mizigo, mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda, na kamera ambazo bosi huziangalia akiwa kwake Raskazone. Mteja mmoja mkubwa anataka tumthibitishie kuwa mtandao wetu umepimwa usalama. Nimeskani kwa Nmap, programu ya kutafuta milango ya huduma kwenye mtandao, nikapata orodha ndefu ya poti (milango hiyo) zilizo wazi. Nifanye nini nayo, na nitajuaje ipi ni hatari ya kweli?

Jibu. Marahaba. Umeanza vizuri, ila bado hujapima. Poti kuwa wazi peke yake si kosa; seva ya mafaili isiyo na poti hata moja iliyo wazi haina kazi ofisini. Kosa ni poti kuwa wazi kwa mtu asiyehusika, au kumkubali mtu bila kumtambua sawasawa, au kupitisha siri bila kuifunika. Kwa hiyo kila mstari wa orodha yako uulize: huduma hii inamhudumia nani, anaifikia akiwa wapi, na inamtambuaje? Ukikosa jibu la swali la kwanza, zima huduma hiyo, kwa sababu huduma iliyozimwa haihitaji kulindwa tena. Zinazobaki ndizo za kupima, moja baada ya nyingine, kwa kujaribu kupita pale ambapo hupaswi kupita na kusoma jibu linalorudi.

Kabla hujagusa kitu tena, pata kibali cha maandishi. Kuajiriwa kusimamia TEHAMA hakutoshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya uingiaji kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, na vilevile kunasa mawasiliano bila idhini, na vipimo nitakavyokueleza vinagusa yote mawili. Ukurasa mmoja unatosha: anwani za IP zitakazopimwa, tarehe na saa, jina lako, namba ya simu ya mtu wa kupigiwa kitu kikizima, na sahihi ya bosi. Kama mnachangia intaneti na wapangaji wengine wa jengo, anwani zao zisiguswe. Chagua Jumamosi jioni au Jumapili. Siku meli imefunga gati na nyaraka zinakimbizwa, usipime chochote. Chukua pia nakala rudufu za seva zote mbili, na kwenye ruta andika `/export file=kabla` kisha uilete faili hiyo kwenye laptopu yako.

Simama mahali patatu

Skani uliyofanya, nadhani umeifanya ukiwa umechomeka waya ofisini. Hiyo ni picha moja. Ya pili ichukue ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ile mnayowapa madereva na wateja wanaosubiri. Kutoka pale hupaswi kuiona seva yoyote. Ukiona hata poti moja ya seva ya mafaili, tatizo la kwanza la kushughulikia ni mgawanyo wa mtandao wenyewe. Picha ya tatu ichukue kutoka nje kabisa, laptopu ikitumia data ya simu. Usiipime anwani ya nje ukiwa ndani ya ofisi ukadhani ni sawa: ruta nyingi hujibu tofauti ombi linalotoka ndani kwenda kwenye anwani yao ya nje, na unaweza kuambiwa poti imefungwa kumbe duniani iko wazi, au kinyume chake.

Hapa kuna mtego ambao watu wa ofisi ndogo hawautarajii. Ingia kwenye ruta, andika `/ip address print`, uangalie anwani iliyo upande wa mtoa huduma. Kisha fungua kwenye kompyuta ya ofisi tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikifanana, endelea. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiipima anwani hiyo ya nje unapima mitambo yake na wateja wake, si ofisi yenu, na kibali cha bosi hakifiki huko. Katika hali hiyo kipimo cha nje kwa IPv4 (mfumo huu wa zamani wa anwani) kinaishia hapo. Ila angalia kama ruta imepewa anwani ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani), kwa maana hiyo haijifichi nyuma ya mtu. Ipime kwa `nmap -6`. Ofisi nyingi zimeandika sheria za fayawoli (kichujio cha trafiki) kwa IPv4 pekee na kuusahau upande wa pili.

Kuskani bila kuangusha ofisi

Anza kujua vifaa vilivyopo:

`sudo nmap -sn 192.168.10.0/24`

Ukiwa kwenye mtandao uleule wa ndani, Nmap hutumia ARP (njia ya vifaa vya ndani kutambuana), kwa hiyo hata kifaa kinachokataa ping kitaonekana. Linganisha na `/ip dhcp-server lease print` ya ruta, orodha ya anwani ilizogawa. Kila anwani iwe na mwenyewe na mahali kilipo. Kifaa kisichojulikana kitafute kwa miguu, ufuate waya.

Kisha poti zote, siyo zile za kawaida tu. Usipoiambia vinginevyo, Nmap hupima poti 1,000 kati ya 65,535, na huduma zilizosahaulika hupenda kukaa kwenye zile zilizobaki.

`sudo nmap -sS -p- --max-rate 300 -oA ndani-seva1 192.168.10.5`

Kwa pakiti 300 kwa sekunde, kifaa kinachojibu vizuri humalizika ndani ya dakika 4 hivi. Chenye fayawoli inayonyamaza huchukua muda zaidi kwa sababu Nmap hurudia kuuliza. Usiongeze kasi kwa haraka. Mashine za kurekodia kamera na ruta za bei nafuu hushindwa zikimiminiwa maswali, na kamera zikizimika Jumamosi usiku utakuwa umetengeneza tatizo ulilokuwa unalizuia. Ukishapata poti zilizo wazi, zipime hizo tu kwa `-sV` ujue ni programu gani na toleo lipi.

Kuhusu fotokopi: poti 9100 hupokea chochote na kukichapa. Nmap yenyewe huziruka poti 9100 hadi 9107 inapotafuta matoleo, kwa sababu maswali yake yangetoka kama karatasi zenye herufi zisizoeleweka. Ukiweka `--allports` unauondoa ulinzi huo, na skana nyingine za usalama hazina adabu hiyo. Toa karatasi kwenye trei kabla ya kuanza.

UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuunganishwa kwanza, ni habari nyingine. Poti ya UDP iliyofungwa hujibu kwa ujumbe wa ICMP (taarifa ya hitilafu ya mtandao), na Linux hubana ujumbe huo usizidi mmoja hivi kwa sekunde, kwa hiyo poti zote za mashine moja zingekuchukua zaidi ya saa 18. Pima chache zenye maana:

`sudo nmap -sU -sV --top-ports 50 192.168.10.5`

Ukiona `open|filtered`, soma hivi: hakuna jibu lililorudi, basi. Inaweza kuwa wazi, inaweza kuwa fayawoli imemeza swali. Usiiandike kwenye ripoti kuwa ni poti iliyo wazi mpaka huduma yenyewe ikujibu.

Seva ya mafaili: hapa tumia muda wako mwingi

Kwa ofisi kama yenu, poti 445, ya SMB, itifaki ya Windows ya kushiriki mafaili, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Ankara, nyaraka za kusafirishia mizigo, namba za TIN za wateja, nakala za pasipoti, vyote vinalala kwenye folda moja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahesabu ninyi kuwa na wajibu wa kuvilinda. Anza hivi:

`nmap -p445 --script smb-protocols,smb2-security-mode 192.168.10.5`

Angalia mistari miwili. Ukiona `NT LM 0.12 (SMBv1)`, seva yenu bado inazungumza SMB ya kwanza. Hiyo ndiyo njia ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha Microsoft, MS17-010, kikiwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Kiraka kikiwepo tundu lile limezibwa, lakini SMB ya kwanza haina ulinzi wa kutosha dhidi ya mtu anayekaa katikati ya mawasiliano, na hakuna sababu ya kuibakiza.

Isipokuwa ile fotokopi. Mashine za zamani hazijui SMB nyingine, na ukizima leo kesho asubuhi skani hazifiki, bosi anakuambia uwashe, nawe unaiwasha na haizimwi tena. Kwa hiyo kwanza jua nani anaitumia. Kwenye PowerShell ya seva:

`Set-SmbServerConfiguration -AuditSmb1Access $true`

Acha wiki nzima, siku zote za kazi zipite. Halafu fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za Microsoft-Windows-SMBServer/Audit, utafute tukio namba 3000. Kila tukio lina anwani ya aliyekuja kwa SMB ya kwanza. Ikiwa ni fotokopi peke yake, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Nyingine zina SMB ya pili lakini imezimwa, nyingine huipata baada ya kusasisha programu yake ya ndani. Ikishindikana, iambie itume skani kwa barua pepe, au iwekee kompyuta ndogo ya pembeni isiyo na kitu kingine, skani zipokelewe huko na seva izifuate kuzichukua. Kisha:

`Set-SmbServerConfiguration -EnableSMB1Protocol $false`

Mstari wa pili ni `Message signing enabled but not required`. Usiupite. Maana yake mtu aliyeingia kwenye mtandao wenu, tuseme kupitia laptopu yenye kirusi, anaweza kulipokea jaribio la mfanyakazi kuingia sehemu nyingine na kulielekeza kwenye seva yenu, akaingia kwa jina la mfanyakazi huyo bila kulijua nenosiri lake. Dawa ni `Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $true`, na hapa tena fotokopi ndiyo ya kujaribu kwanza.

Baada ya itifaki, pima ruhusa. Kutoka laptopu yenye Linux:

`smbclient -N -L //192.168.10.5`

Alama `-N` inasema sina nenosiri. Jibu la kufurahia ni `NT_STATUS_ACCESS_DENIED`. Ukipewa majina ya folda, jaribu kuingia kwenye mojawapo kwa njia hiyohiyo. Ukifanikiwa kuona faili moja, simama, piga picha ya skrini ya orodha, usifungue faili. Ushahidi unaohitaji ni kwamba mlango umefunguka. Halafu rudia kwa akaunti ya mfanyakazi mwenye cheo cha chini kabisa: je, anaisoma folda ya mishahara? Anaweza kufuta folda ya nakala rudufu? Kirusi kinachofunga mafaili hufanya kazi kwa ruhusa za aliyekibofya, kwa hiyo kile anachoweza kufuta mhudumu wa mapokezi ndicho kirusi kitakachokifunga siku atakapobofya kiambatisho kibaya. Kwenye seva, `Get-SmbShareAccess` pamoja na jina la folda itakuonyesha kama kuna mtu aliyewahi kuandika Everyone akaondoka.

Kinachopita wazi kwenye waya

Ukikuta FTP (ya kuhamisha mafaili), poti 21, au telnet (ya kuamuru kifaa kwa mbali), poti 23, huna haja ya kujiuliza kama ni hatari. Ila bosi anahitaji kuona, na maneno hayamshawishi kama macho yake. Tengeneza akaunti ya majaribio, nenosiri lake liwe la kubuni, kisha kwenye seva yenyewe endesha:

`sudo tcpdump -n -A 'tcp port 21'`

Ingia kwa FTP ukiwa kompyuta nyingine. Kwenye skrini, katikati ya herufi zisizosomeka, itatokea mistari `USER majaribio` na `PASS` ikifuatwa na nenosiri lako lote, herufi kwa herufi. Itifaki hii iliandikwa hivyo mwaka 1985, na ikitumika peke yake bado hufanya hivyo. Endesha kwenye seva kwa sababu swichi haipeleki mazungumzo ya wengine kwenye laptopu yako. Usipoona kitu ukiwa kwenye laptopu haimaanishi kuwa kimefichwa. Tumia akaunti hiyo ya majaribio tu, usinase za wenzako. Badala ya FTP weka SFTP, ambayo hupita kwenye SSH (njia ya kuingia kwa mbali inayoficha mazungumzo), telnet izime.

Seva ya Ubuntu

Makosa mawili hujirudia sana kwenye seva za aina hii, na yote mawili humdanganya msimamizi makini.

La kwanza ni SSH. Umefungua `/etc/ssh/sshd_config`, ukaandika `PasswordAuthentication no`, ukawasha huduma upya, ukaridhika. Lakini juu kabisa ya faili hiyo kuna mstari unaoingiza mafaili ya folda `sshd_config.d`, na mara nyingi ndani yake mna `50-cloud-init.conf` iliyoandikwa `PasswordAuthentication yes`. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, kwa hiyo ya kwako haisomwi kabisa. Usiamini faili, uliza programu:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Halafu thibitisha ukiwa kompyuta nyingine:

`ssh -o PubkeyAuthentication=no majaribio@192.168.10.6`

Ikijibu `Permission denied (publickey)` umefunga kweli. Ikikuomba nenosiri, hujafunga. Unapobadilisha mipangilio hii acha dirisha moja la SSH likiwa limeshaunganishwa mpaka la pili limeingia salama, la sivyo utaifuata seva kwa kiti na kibodi.

Hapohapo kuna kosa la upande wa pili, la kutangaza hatari isiyokuwepo. Skana itaona `OpenSSH_8.9p1` na kukupigia kelele kuhusu CVE-2024-6387, tundu la Julai 2024 linalogusa matoleo kuanzia 8.5p1 hadi kabla ya 9.8p1. Ubuntu haipandishi namba ya toleo. Huchukua kiraka na kukipachika kwenye toleo lilelile. Kwenye Ubuntu 22.04, `8.9p1 Ubuntu-3ubuntu0.10` na zinazofuata zimeshazibwa. Soma mkia wa namba, au andika `apt changelog openssh-server` utafute jina la tundu. Ripoti iliyojaa matundu yaliyozibwa zamani hukuondolea heshima, na mteja akiwa na mtaalamu wake ataigundua ukurasa wa kwanza.

Kosa la pili ni hifadhidata ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena. Programu yenu ya mizigo, kama imewekwa na fundi wa siku hizi, pengine iko hivyo. Umewasha ufw, fayawoli ya Ubuntu, umekataza 3306 (poti ya hifadhidata), `ufw status` inakubali. Sasa jaribu ukiwa laptopu:

`nc -vz 192.168.10.6 3306`

Ikisema `succeeded`, usishangae. Docker huandika sheria zake yenyewe za kupitisha pakiti, na pakiti za kontena hazipiti kwenye mlolongo ambao ufw inaulinda. Dawa iko kwenye faili ya compose, ile ya mipangilio ya kontena: badala ya `3306:3306` andika `127.0.0.1:3306:3306`, ili poti isikilize ndani ya mashine tu. Kama programu na hifadhidata ziko kwenye mtandao mmoja wa Docker, huhitaji kuitangaza poti kabisa. Rudia `nc` uhakikishe. Ukimaliza, `sudo ss -tulpn` ikuonyeshe kila kinachosikiliza; chochote chenye `0.0.0.0` au `[::]`, yaani kinachosikiliza kila upande, kijieleze.

Ruta, kamera na Horohoro

Kwenye ruta andika `/ip service print`. Kwa kawaida utakuta telnet, ftp, www, ssh, api, winbox na api-ssl zote zimewashwa. Bakiza winbox (huduma ya kusimamia MikroTik) na ssh, na zote zibanwe kwa anwani ya kompyuta yako:

`/ip service set winbox address=192.168.10.50/32`

Winbox, poti 8291, isionekane kutoka nje hata kidogo. Mwaka 2018 tundu CVE-2018-14847 lilimwezesha mtu yeyote aliyeifikia poti hiyo kusoma faili la watumiaji na kutoka na manenosiri, bila kuingia. Kama ruta yenu iliwahi kuwa wazi ikiwa na RouterOS (programu endeshi ya MikroTik) ya zamani kuliko 6.42.1, kusasisha peke yake hakutoshi: badilisha manenosiri, na upitie `/user print`, `/system script print` na `/system scheduler print` kutafuta kitu ambacho hukukiweka wewe.

Kutoka nje pima pia DNS, huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ukiweka anwani yenu ya nje:

`dig @ANWANI-YA-NJE example.com`

Unataka ikae kimya mpaka muda uishe, au ijibu `REFUSED`. Ikikupa jibu kamili, ruta yenu inamjibu kila mtu duniani, na wahalifu huitumia kumwagia watu wengine trafiki. Dalili ofisini ni intaneti kuwa nzito bila sababu. Kwenye RouterOS, `allow-remote-requests=yes` inahitajika kwa ajili ya kompyuta za ndani, hivyo kizuizi kiwekwe kwenye fayawoli: poti 53, UDP na TCP, kutoka upande wa mtoa huduma, ikataliwe.

SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao, ipime kwenye fotokopi na swichi: `snmpwalk -v2c -c public 192.168.10.20 1.3.6.1.2.1.1`. Ikijibu jina na mahali kifaa kilipo, basi neno la kuingilia halijabadilishwa tangu kiwandani. Kama hamuitumii, izime.

Sasa kamera. Ikiwa zimefunguliwa poti kwenye ruta ili bosi azione, hiyo ndiyo hatari iliyo juu ya nyingine zote kwenye ofisi yenu, kwa sababu mashine za kurekodia husasishwa kwa nadra na zina historia ndefu ya matundu ya kuingia bila nenosiri. Ondoa ufunguzi huo. RouterOS 7 ina WireGuard, njia ya VPN iliyofichwa, ndani yake; weka programu yake kwenye simu ya bosi, atabonyeza mara moja kabla ya kufungua kamera. Kinachobaki wazi nje ni poti moja ya UDP, na WireGuard haimjibu kabisa asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo hata skani yako ya nje haitaithibitisha.

Tawi la Horohoro nalo lipite njia hiyohiyo. Ukikuta poti 3389 imefunguliwa ili wenzako wa mpakani waingie kwenye seva kwa Remote Desktop (kuitumia skrini yake kwa mbali), ifunge mara WireGuard inapoanza kufanya kazi. Kuihamishia poti 3390 hakusaidii, skani huipata vilevile. Na usidhani utaokoka kwa kuruhusu anwani za Tanzania pekee: pale mpakani simu zikishika mtandao wa Kenya, watakaozuiwa ni watu wako. Ndani ya ofisi, hakikisha Remote Desktop inadai utambulisho kabla ya kuonyesha skrini:

`nmap -p3389 --script rdp-enum-encryption 192.168.10.5`

Mstari wa `CredSSP (NLA)` uwe na `SUCCESS`, na ile ya `SSL` na `Native RDP` isiwe nayo. `Native RDP: SUCCESS` ikitokea, seva inamkaribisha mtu hadi kwenye skrini ya kuingilia kabla ya kumjua.

Kuhusu manenosiri: yale ya kiwandani yajaribu kwa mkono, kifaa kwa kifaa, ukiwa na kitabu cha kifaa. Usiendeshe programu ya kukisia manenosiri dhidi ya seva ya Windows. `net accounts` itakuonyesha baada ya majaribio mangapi akaunti hufungwa, na programu hizo huifikia idadi hiyo kwa sekunde chache, ofisi nzima ikashindwa kuingia Jumatatu asubuhi. Unachopaswa kupima ni kwamba kikomo kipo: kosea mara kadhaa kwenye akaunti ya majaribio, uone inafungwa.

Ukurasa wa programu ya mizigo upitishe kwenye programu ya `testssl.sh`; matoleo 1.0 na 1.1 ya TLS, itifaki inayofunika kurasa za https, yalistaafishwa rasmi Machi 2021, yazime. Barua pepe, kama ziko kwa mtoa huduma, seva yake si ya kupima bila ruhusa yake. Yenu ni rekodi za DNS: `dig txt` kwa jina lenu ione SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu), na `dig txt _dmarc.` ikifuatwa na jina hilohilo ione DMARC (agizo la nini kifanyike na barua za kughushi). Bila DMARC inayokataa, mtu hutuma ankara kwa jina la ofisi yenu ikiwa na akaunti nyingine ya benki, na wateja wa mawakala wa forodha hulipa fedha nyingi kwa ankara za barua pepe.

Mteja umpe nini

Usimpe mafaili ya Nmap. Hayo ni ramani ya nyumba yenu. Mpe kurasa mbili au tatu: tarehe, ulipima ukiwa wapi, ulichokuta, ulichofanya, na tarehe uliyopima upya. Kila kosa liwe na vipimo viwili, kabla na baada, kwa amri ileile. Panga kwa kufuata nani anaweza kulifikia: yanayoonekana kutoka intaneti kwanza, ya kutoka Wi-Fi ya wageni yafuate, ya ndani mwisho. Kwa maelezo yako, ningeanza na kamera na Remote Desktop siku ya kwanza, DNS na winbox siku hiyohiyo, hifadhidata kesho yake, na SMB ya kwanza baada ya ile wiki ya kusubiri. Kosa ambalo haliwezi kurekebishwa sasa liandikwe pia, pamoja na sababu na sahihi ya bosi kuwa amelijua.

Mafaili ya `-oA` yahifadhi mahali palipofungwa. Mwezi ujao rudia skani zilezile kwa amri zilezile, kisha:

`ndiff ndani-seva1.xml ndani-seva1-mpya.xml`

Itakuonyesha mistari iliyoongezeka na iliyopungua tu. Poti mpya ikitokea na hakuna aliyeomba iwekwe, anza kuuliza siku hiyohiyo, ukianzia kwa fundi aliyekuja mara ya mwisho.